Kumbe kilichonichelewesha hakikuwa laptopu

Jumamosi napiga video ya harusi Nansio, Ukerewe; Jumapili jioni nina nyingine Igoma, huku Mwanza mjini. Kadi za kamera ninazo mbili, kila moja GB 256, na zote hurudi zimejaa. Nikishuka kwenye kivuko ni moja kwa moja hadi chumbani kwangu Kirumba, nichomeke kadi, nihamishie kwenye diski ya nje. Kadi moja ilikula saa mbili. Betri ya laptopu ilishakufa, hivyo umeme ukikatika naanza upya. Muda wote huo harusi ya watu iko kwenye kadi peke yake, na kadi ikiharibika, siku ile hairudiwi. Nilikuwa silali.

Nikaanza kudunduliza hela ya laptopu mpya. Fundi mmoja wa Makoroboi ndiye aliyeniokoa. "Kaka, hebu nione kisoma kadi chako." Tundu la laptopu yangu lina plastiki ya bluu ndani: USB 3.0, toleo la kasi, gigabiti 5 kwa sekunde. Kisoma kadi kilikuwa USB 2.0, toleo la zamani, megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ndiyo baiti moja), ambazo kwenye kazi halisi hazifiki megabaiti 40 kwa sekunde. Kumbe mwendo wote unafuata kifaa chenye kasi ndogo kuliko vyote! Nilibadilisha kisoma kadi tu, na kadi ileile ikamaliza kwa dakika hamsini.

Baadaye nilinunua SSD ya nje, yaani diski ya kasi, nikaichomeka kwa waya wa chaja ya simu kwa kuwa vichwa vinafanana. Mwendo ukarudi ule wa zamani. Nyaya nyingi za chaja hupitisha data kwa USB 2.0 tu, hata kichwa kikiwa Type-C. Tumia waya uliokuja na diski yenyewe.

Wenzangu huniuliza kuhusu Thunderbolt 3, aina ya tundu na waya wa kasi zaidi, gigabiti 40 kwa sekunde. Anayehariri video za kamera kadhaa kwa pamoja kutoka kwenye diski za kasi, itamfaa sana. Kadi zangu zinasomeka megabaiti 90 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mimi nisingeona tofauti. Dada yangu mwenye stesheneri anachapa barua na CV. Flashi yake ya zamani inamtosha kabisa, na nilimkataza kutupa hela.

Siku hizi nikitoka Nansio nakopi kila kadi kwenye diski mbili. Moja nampelekea dada akae nayo, nyingine nabaki nayo, ndipo nafuta kadi na kuelekea Igoma.