Kiti cha nne

Hapa Leeds wengi walinijua kama mbeba boksi wa zamu ya usiku. Siku hizi baadhi yao wananiita Baba Zawadi, na hilo si jina langu. Ni la mtu ninayemwigiza kwenye mchezo wetu wa jukwaani: mwanamume wa makamo, kila Jumamosi yuko saluni, anaijua Yanga kuliko kocha wake, na hospitali aliiona mara ya mwisho alipompeleka mkewe kujifungua.

Aliyetuingiza kwenye haya ni nesi mmoja Mzimbabwe. Alikuwa ameona Barber Shop Chronicles, mchezo wa Inua Ellams ulioanza kuonyeshwa National Theatre, London, mwaka 2017, unaopita kwenye saluni za miji sita, Kampala ikiwamo. Akasema na sisi tuweke kiti cha kinyozi, ila tuzungumzie tezi dume. Tulikuwa wanaume saba ukumbini, na kila mmoja akaanza kuchunguza viatu vyake. Mwishowe mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Ni ile ya kidole?"

Tulicheka hadi machozi. Nesi akatuacha tumalize, kisha akatueleza kwamba kinachoanza ni kipimo cha damu. Nina hakika wawili watatu kati yetu walishusha pumzi.

Akatupa na hesabu. Kwa Uingereza, ukichukua wanaume wote, 1 kati ya 8 hupata saratani ya tezi dume maishani mwake. Kwa wanaume Weusi ni 1 kati ya 4. Hatukutaka mtu asimame aitaje kama mwalimu wa hesabu, basi tukapanga viti 4 vya saluni jukwaani, wateja wanne wakae na mataulo shingoni, taa zizimike moja moja hadi ibaki ya kiti cha nne. Humo ndimo ninamokaa mimi.

Tatizo lilikuwa hadithi yenyewe. Rasimu ya kwanza niliiandika mimi na niliiona tamu: Baba Zawadi anaamka usiku mara tano kukojoa, anaingiwa hofu, anakwenda kupima, anapona. Nesi aliisoma akaikunja. "Mnawafundisha wanaume kusubiri dalili," alisema. Saratani hii ikiwa bado changa, mara nyingi mwenyewe hasikii chochote. Na huko kuamka usiku aghalabu ni tezi kutanuka tu kwa umri.

Sasa utaigizaje ugonjwa ambao haufanyi kitu? Mchezo unataka mtu aanguke, akohoe damu, mke apige yowe. Miaka ya tisini, vikundi vya maigizo vilipokuja shuleni kwetu kutufundisha UKIMWI, mgonjwa alipakwa unga usoni tukajua huyu anakwisha. Baba Zawadi hana unga. Anakula, anacheka, anabishana, na hilo ndilo la kuogopesha. Ilituchukua wiki nyingi kuamini kwamba mtu mzima kabisa kwenye kiti anatosha.

Maonyesho tunayafanya kwa mtindo wa Mbrazili Augusto Boal: mtazamaji akiona mhusika anakosea, anapaza sauti "Simama!", anapanda na kushika nafasi yake. Kwa mtu aliyekua akijibu "pakawa" hilo si geni, lakini Leeds watu hukaa na mikono mapajani. Usiku wa kwanza nilisema maneno yangu, "Mimi sina tatizo lolote," nikasubiri. Kimya. Nikayarudia.

"Simama!"

Alikuwa mzee wa Kijamaika, safu ya nyuma. Alipanda polepole, akanivua taulo, akajifunga mwenyewe, akakaa. Aliyeigiza kinyozi akawasha mashine isiyo na wembe. Mzee akasema siku alipopewa majibu alikuwa ametoka kucheza dhumna, na alikuwa ameshinda. Kisha akanyamaza, mashine ikawa inanguruma peke yake. Hakuna aliyejua kama anaigiza. Mimi nilisimama pembeni sina pa kuweka mikono.

Kwenye gari Mama Neema hakusema neno hadi taa nyekundu ya tatu.

"Baba Neema, una miaka mingapi vile?"

"Si unajua, 46."

"Na lile shirika alilolitaja nesi, Prostate Cancer UK, linasema mwanamume Mweusi aanze kuzungumza na daktari wake akiwa na ngapi?"

"45. Lakini mimi sina tatizo lolote."

Akageuka akanitazama. "Hapo umeyasema vizuri kuliko jukwaani."

Jumatatu, saa 2 kamili asubuhi, nilipiga simu kwa daktari wetu. Mashine ikaniambia mimi ni wa 19 kwenye foleni. Nikaweka spika, nikaendelea kupaka mkate siagi. Kila nilipotaka kukata, Mama Neema alikuwa bado amesimama mlangoni, koti la kazini mwilini, viatu mkononi.