Kuwapata na Kuwatunza Wanaojitolea Katika Harambee ya Zahanati

Kijiji kinapopanga kuchangisha fedha za mradi, swali linaloulizwa kwanza huwa ni fedha hizo zitatoka wapi. Nikiwa mratibu wa watu wanaojitolea katika uchangishaji wa zahanati ya kijiji chetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ninaamini swali linalopaswa kutangulia ni nani atakwenda kuziomba, ataziomba kwa nani, na kwa muda gani. Wazawa wa kijiji chetu wametawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na hata Marekani, na hakuna tangazo linaloweza kuziba nafasi ya mtu anayefahamika na kuaminika miongoni mwa wenzake.

Ugumu wa kazi hii una historia yake. Tangu Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa mwaka 2007, lengo lililotangazwa nchini ni kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba wananchi hupandisha boma kwa nguvu zao hadi kwenye lenta, kisha serikali husaidia kupaua na kumalizia. Sehemu nyingi boma lilisimama na kupaua kukachelewa, na waliochangia bado wanapita kando ya kuta zilizoota nyasi. Kwa hiyo anayebisha hodi leo kuomba mchango hujibiwa kwanza kwa swali: zile za mwanzo zilikwenda wapi? Hatumtumi mtu yeyote kabla hajaonyeshwa hesabu ya awamu iliyopita na kupelekwa kuliona jengo lenyewe, kwa sababu kumpeleka mtu mwema mbele ya swali asiloweza kulijibu ni kumwonea.

Mahali pazuri pa kuwatafuta watu hawa, kwa maoni yangu, ni kwenye kamati za harusi. Ni nadra kumpata Mtanzania wa mjini ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi, na humo ndimo walimo watu wanaojua kumkumbusha mtu ahadi yake bila kumuudhi, na wanaotunza orodha ya wachangiaji bila kupoteza jina hata moja. Tunapomfikiria mtu, tunauliza kama amewahi kuwa mweka hazina wa kamati, na kama waliochanga walisomewa matumizi baada ya sherehe. Majibu ya swali hilo hutueleza zaidi kuliko cheti chochote. Kuna pia akina mama wa vikoba na jumuiya za kanisani, ambao kila wiki hushika fedha za watu na kuzitolea hesabu mbele ya wenyewe, na ambao mara nyingi husahaulika kwa sababu nafasi za kamati hupewa wenye vyeo. Mwenye cheo ana manufaa yake siku ya harambee yenyewe, anapoalikwa kuwa mgeni rasmi. Kazi ya kupiga simu moja moja jioni baada ya jioni inahitaji mtu wa namna nyingine.

Mama mmoja tuliyemfuata kwa sababu ya sifa zake za utunzaji wa fedha za jumuiya alinijibu hivi: "Mwanangu, nitafanya, lakini nipe kazi yenye mwisho." Maneno yake ndiyo yaliyotufanya tuandike kila jukumu kwenye karatasi moja. Hatumwambii mtu "tusaidie kuchangisha". Tunamwambia kwamba anawaandikia na kuwapigia wazawa wa kitongoji chake wanaoishi Arusha, kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi sikukuu ya Krismasi, kwamba orodha yake itakuwa na watu wasiozidi thelathini, na kwamba taarifa yake huipeleka kwa mtu fulani kila Jumapili jioni. Kwa jinsi nilivyoona, wengi wanaoacha njiani hawaachi kwa uchovu. Huacha kwa kutojua kazi inaishia wapi, au kwa kuona taarifa wanazotuma hazijibiwi na mtu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya uratibu wangu ni kuwapigia simu wao, kuwauliza walipokwama, na kuwaeleza fedha walizokusanya zimenunua nini.

Sababu nyingine inayowaondoa watu ni kushukiwa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Hakuna anayejitolea kwetu anayepokea mchango kwenye namba yake mwenyewe ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, imekuwa rahisi mno kwa fedha za watu wengi kuingia kwenye simu ya mtu mmoja, zikachanganyika na nauli yake na ada ya mtoto wake hadi yeye mwenyewe ashindwe kuzitenganisha. Michango ya mbali hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mradi, ambayo hakuna anayeweza kutoa fedha humo bila saini ya zaidi ya mtu mmoja. Fedha taslimu, kama zile zinazopatikana kwenye mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, huhesabiwa na watu wawili wasio wa familia moja, mchangiaji hupewa stakabadhi, na kishina hubaki kwenye kitabu. Wapo waliolalamika kwamba tunawafanya waonekane wezi. Niliwaeleza kwa upole kwamba utaratibu huu unawalinda wao kabla ya kuulinda mradi, kwa kuwa maneno ya kijijini yakishaanza, mtu asiye na kishina hana cha kuonyesha.

Michango ya vitu inahitaji uangalizi huohuo. Mtu akileta tripu ya mawe au mifuko ya saruji, au akifika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, na jembe lake, jina lake huandikwa sawa na la aliyetuma fedha. Tumepata watu hodari sana wa kujitolea kutoka kwenye msaragambo, hasa vijana waliomaliza mitihani ya kidato cha nne mwezi Novemba na kubaki nyumbani wakisubiri matokeo. Tunawapa kazi ya kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta na kupiga picha za ujenzi. Walio chini ya miaka 18 hawashiki fedha wala hawatumwi peke yao kwenye nyumba za watu.

Jambo linalonisumbua bado ni ile tabia ya kubandika orodha kwenye makundi ya WhatsApp, ikiwa na jina la kila mtu, namba yake ya simu na kiasi alichoahidi lakini hajalipa. Wapo wanaodai kwamba aibu huleta fedha. Mimi naona inaleta fedha za mwaka mmoja na kuwafukuza watu mwaka unaofuata, na tena tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotudai uangalifu na namba za watu. Tumekubaliana kwamba orodha ya hadhara itaonyesha yaliyopokelewa tu, na ahadi atakumbushwa mwenyewe faraghani na aliyekabidhiwa jina lake.

Fulana na kofia za vyama hatuzivai kazini, na hilo halina mjadala.

Gharama za kazi tunazirudisha: nauli, bando la intaneti na chakula cha mchana siku za mnada, kwa kiwango kilichopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kusomwa kwenye hesabu. Mama aliyejitolea hapaswi kupunguza unga wa nyumbani kwake ili apige simu za zahanati. Taarifa ya mwisho inaposomwa na mtendaji wa kijiji mbele ya wananchi, majina ya waliofanya kazi husomwa pamoja na ya waliochanga, na kila mmoja huulizwa kama anataka kuendelea, kubadilishiwa jukumu au kupumzika.

Awamu hii ni ya kupaua. Mbao zimeshapatikana, bati bado, na wazawa wetu wanaoishi Mwanza hawajapata mtu wa kuwafuatilia tangu aliyekuwa akifanya kazi hiyo ahamie Dodoma. Anayetafutwa ni mkazi wa Mwanza anayeweza kutoa jioni mbili kwa wiki kuanzia Oktoba, na orodha ya wazawa atakaowapigia iko tayari.