Glasi inayobadilika rangi ukiigonga: nilivyohangaika nayo

Kuna kinywaji nilichokiona kwenye runinga kwa sekunde chache tu, kikanikaa kichwani kwa miaka. Ni kwenye Star Trek: The Next Generation, sehemu ya mwaka 1992 iitwayo "Conundrum". Mshauri Troi anamfunga Data, yule roboti mwenye umbo la mtu, kwenye sataranji, na zawadi yake ni kutengenezewa Samarian Sunset. Glasi inafika ikiwa na kitu kiangavu kama maji. Ukingo unagongwa, ting, na kinywaji chote kinakuwa rangi ya machungwa iliyokolea.

Basi, ndiyo hiyo tu. Kilichomo ndani hatuambiwi.

Lakini sikuanzia hapo. Nilianza na nilichodhani ni chepesi: Flaming Moe ya kwenye The Simpsons, ya mwaka 1991. Homer anachanganya mabaki ya chupa zake na dawa ya kikohozi, moto unashika, na moto huo ndio unaokifanya kinyweke. Dawa sikuigusa. Katuni ni katuni, ila dawa nyingi za kikohozi zikikutana na pombe zinaweza kukulaza vibaya. Badala yake nilichemsha shira ya zabibu nyeusi, tangawizi na anisi, na harufu ikatoka ileile ya chupa ya dawa ya utotoni. Hapo nilijisifu mapema.

Pombe kali ya asilimia 40 haishiki moto ikiwa baridi. Mvuke wake unahitaji joto la kama nyuzi 26 ndipo uwake. Njiti ya kwanza ikazimika, ya pili nayo ikazimika. Nikaipasha pombe kidogo kwenye kijiko, nikaimimina juu taratibu, nikawasha njiti ya tatu. Sikuona kitu. Nikainama kuangalia, nikapeleka njiti ya nne, ndipo nikasikia harufu ya manyoya yanayoungua. Yalikuwa ya mkono wangu. Moto ulikuwepo muda wote: mwali wa pombe ni wa buluu hafifu, na chini ya taa ya jikoni hauonekani kabisa. Ule mwali mkubwa wa kwenye katuni ni wino tu. Nikafunika glasi kwa kisahani, moto ukafa, nikaonja. Dawa ya kikohozi ya moto. Sikurudia.

Pan Galactic Gargle Blaster, kinywaji cha kwenye hadithi ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, niliiacha hata kabla ya kuanza. Ukiambiwa uchote maji ya bahari ya sayari nyingine, hapo huna tena la kupima kwa kijiko.

Nikarudi kwa Samarian Sunset nikiwa na akili tofauti. Kwenye runinga kinywaji hakionjwi na mtazamaji, kinatazamwa. Kwa hiyo nilijiuliza ni kitu gani kimoja nikikikosa, kinywaji hiki si hicho tena. Jibu ni kule kugongwa kwa ukingo. Ladha ningeitunga mwenyewe.

Wazo la kwanza lilikuwa yale maua ya buluu, Clitoria ternatea, ambayo chai yake hugeuka zambarau ukiikamulia limau. Yanapendeza, lakini safari inaanzia kwenye buluu, si kwenye maji, na rangi ya machungwa haifiki hata siku moja. Siku mbili nzima nilitafuta kitu cha kunyweka kinachotoka weupe wa maji kwenda rangi ya machungwa kikiguswa na asidi. Sikukipata. Ndipo nikaachana na kemia, nikawaza kama mchezaji wa kiinimacho: rangi iwepo tangu mwanzo, ila ifichwe.

Nilidondosha rangi nzito ya chakula, nyekundu na njano, kwenye sukari ya chembe kubwa, nikaifikicha mpaka kila chembe ikapata, nikaianika usiku kucha. Kisha nikakata ganda la chungwa kama ulimi mfupi, nikalichana katikati na kulichomeka ukingoni mwa glasi, ulimi ukielekea ndani. Sukari nikaiweka juu yake. Rangi juu ya rangi ileile, ukikaa upande wa pili wa meza huoni kitu zaidi ya pambo.

Jaribio la kwanza nikagonga, ganda zima likatumbukia, chubwi, kinywaji kikanirukia usoni. Nikachana zaidi ili lishike. Jaribio la pili ganda likashika, lakini sukari nayo ikashika: ganda bichi lina unyevu, chembe zikaanza kuyeyuka palepale. Nikalikausha kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka likakakamaa kama ngozi. La tatu sukari ikateleza vizuri, ikazama mpaka chini, ikatulia huko. Nusu inchi ya rangi, na juu yake maji matupu. Ilikuwa nzuri, sikatai, kama jua limeshazama. Lakini maji ya sukari ni mazito na hayapandi yenyewe, na kukoroga kwa kijiko kungeua mchezo wote.

Dawa yake ilikuwa maji ya soda, yaani maji matupu yenye gesi. Chembe ya sukari ikiingia kwenye maji yenye gesi, viputo hujijenga juu ya mikwaruzo yake na kukimbilia juu, vikibeba kila kilicho karibu. Nilijua hilo kwa sababu nimewahi kufurika meza nzima nikitia sukari kwenye soda nikiwa mtoto. Safari hii nilitaka fujo ileile, kwa kipimo. Robo kijiko cha chai haikutosha, kijiko kizima kikamwagika. Nusu kijiko, glasi ikiwa imejaa theluthi mbili, ikafanya kazi: nyuzi za rangi zinashuka, povu linazirudisha juu, na baada ya sekunde nne au tano glasi yote imegeuka.

Kilichobaki ni uangavu. Maji ya limau yana ukungu, na ukungu unaharibu kila kitu. Kuna njia ya zamani ya kusafisha kwa maziwa; Benjamin Franklin alimtumia rafiki yake maelekezo ya namna hiyo mwaka 1763. Mimi nilimimina maziwa kwenye limau, yakaganda mabonge, chujio likaziba. Inatakiwa kinyume: limau liingie kwenye maziwa, polepole, ili mtindi mwembamba unase uchafu. Nilipofanya hivyo yakatoka maji safi kweli, baada ya kudondoka karibu usiku mzima. Kwa glasi moja ya mzaha niliona ni kazi ya kichaa. Nikatumia asidi ya sitriki, gramu 6 kwenye mililita 94 za maji, ambayo ukali wake unakaribia wa limau. Harufu nikaipata kwa kukamua ganda la limau ndani ya glasi tupu.

Mwisho nilitulia kwenye jini mililita 40, maji ya asidi 20, shira ya sukari tupu 15, vyote baridi sana, kisha maji ya soda 90 yakimiminwa taratibu ubavuni mwa glasi ili gesi isipotee. Shira ni kidogo kwa makusudi, maana utamu mwingine unakuja na ile sukari. Barafu hapana, inazuia rangi kushuka.

Wa kwanza kuiona alikuwa mdogo wangu, ambaye alishachoka kusikia habari zake.

"Kaka, hayo si maji?"

"Gonga hapo ukingoni. Kwa kijiko, usitumie kucha."

Akagonga. Sukari ikateleza, povu likapanda, na yeye akarudisha kiti nyuma kana kwamba glasi ingemuuma. Rangi ilipotulia akanywa kidogo, akafikiri, akasema ni tamu upande wa chini kuliko wa juu, jambo ambalo ni kweli na sijalitatua.

Halafu akagonga tena, mara mbili, akisubiri irudi kuwa maji.