Deshojo: mizizi mipya juu ya kovu la kubebesha

Mei, wiki ya mwisho (kusini mwa Uingereza)
Mti ni mepo wa Kijapani, Acer palmatum, aina ya Deshojo, ile inayochipua nyekundu kali baada ya baridi. Shina lina unene wa sentimita 3. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: ni mche wa kubebesha, yaani umeungwa juu ya shina la mti mwingine, na pale ulipoungwa pamevimba kama goti. Goti hilo huzidi kunenepa mwaka hadi mwaka, na kwenye bonsai (mti unaokuzwa mdogo chunguni) halifichiki. Dawa yake ni kuotesha mizizi juu ya uvimbe, kisha kukata shina chini ya mizizi hiyo.

Kazi imesubiri majani yakomae, kwa kuwa majani machanga bado yanakula tu, hayajaanza kupeleka chakula chini. Ganda limechunwa kuzunguka shina lote, upana wa sentimita 4.5. Ukingo wa juu unataka kisu kikali kuliko vyote, maana mizizi hutokea hapo hapo. Kisha ule utelezi chini ya ganda umekwanguliwa hadi mti ubaki mkavu. Ukibaki hata mstari mwembamba, ganda hujiunga upya, sukari ya majani inashuka kama zamani na mizizi haioti. Maji hupanda kwa ndani ya mti, ndiyo maana majani hayanyauki.

Unga wa homoni ya kuotesha mizizi umepakwa kwenye ukingo wa juu. Sfagnamu, mmea laini wa kinamasi unaoshika maji, imelowekwa, ikakamuliwa hadi isidondoke, ikazungushwa na kufungwa kwa nailoni angavu. Juu yake nailoni nyeusi, ya kuzuia mwanga.

Julai, wiki ya 6
Upande mmoja una mizizi myeupe. Upande wa jua una uvimbe mpya wa rangi ya maziwa tu kwenye ukingo wa juu: sfagnamu ilikauka huko. Uvimbe huo mpya umechanjwa kidogo kwa ncha ya kisu, na maji sasa yanaingizwa kwa bomba la sindano kila siku ya tatu.

Agosti, wiki ya 11
Mizizi imekuwa ya kahawia na imetoa vijizizi pande zote. Huu ndio wakati wa kukata shina kwa msumeno, chini ya mizizi. Mizizi ikiwa bado myeupe huvunjika kama tambi mbichi. Sfagnamu haikubanduliwa. Udongo ni akadama (punje za udongo mgumu wa Kijapani) vipimo 2, pamisi (jiwe jepesi la volkano) 1, lava 1, punje za milimita 3 hadi 6, vumbi lote limechekechwa kwa sababu huziba hewa. Mti umefungwa kwa kamba kwenye chungu usitikisike. Kivuli wiki tatu, mbali na upepo. Hakuna waya wala kupogoa.

Desemba
Majani yamepukutika. Mti uko kwenye banda lisilo na joto: unahitaji baridi kwa usingizi wake, ila barafu kali huua mizizi ndani ya chungu. Sebuleni ungechipua mapema na kudhoofika. Kwa sababu hiyo hiyo Dar es Salaam au Mombasa ni afadhali kuanza na jamii ya mkuyu.

Machi, mwanzoni
Macho yamevimba, bado hayajafunguka. Sfagnamu imeoshwa, kisiki cha chini kimekatwa bapa, mizizi inayoelekea chini imeondolewa. Iliyobaki ni 9, imetandazwa kama miale na kufungwa juu ya kibao.

Aprili, mwishoni
Chipukizi zimeachwa zirefuke, hazikatwi ncha mwaka huu, kwani majani mengi ndiyo yatakayonenepesha mizizi hiyo. Pale macho matatu yalipotoka sehemu moja yameachwa mawili, pasije pakaota kinundu kingine.