Siku nne Grenada: nlienda kupiga picha za harusi, nikaishia kwenye kungumanga

Kwanza niseme ukweli, Grenada sikwenda kutalii, nlienda kazini. Kuna maharusi wa hapa Toronto walitaka picha zao zipigwe ufukweni Grand Anse, wakanilipia tiketi na hoteli siku mbili, mimi nikaongeza mbili kwa pesa yangu maana kutoka hapa ni kama saa tano tu za ndege na nani anajua ntapata lini tena sababu ya kufika Karibi.

Harusi ilienda vizuri, ila nusura niaibike. Nlitoka chumbani kwenye AC nikaenda moja kwa moja juani, lenzi yote ikajaa mvuke, bibi harusi huyoo anakuja na mimi nafuta kioo kwa ncha ya mtandio. Mtu wa Pemba huyo, miaka tisa ya baridi ishanisahaulisha joto! Kama unapiga picha nchi za joto, kamera ifunge kwenye begi uitoe nje nusu saa kabla, iache izoee. Halafu jua la kule halina subira, saa kumi na mbili jioni linaanguka na giza hilo hapo. Toronto wakati wa joto tunakaa na mwanga mpaka saa tatu usiku, nlishasahau kukimbizana na magharibi.

Ufukwe wenyewe sina mengi ya kusema. Mzuri, mchanga mweupe karibu kilomita tatu, maji kama kioo. Lakini mtu aliyekulia kisiwani ufukwe haumtoi jasho, nlipiga nilichotakiwa kupiga nikafunga begi.

Asubuhi yake nikashuka mji mkuu, St. George's. Hapo ndo kamera ilianza kunoga. Bandari imejikunja kama kiatu cha farasi, wanaiita Carenage, nyumba zinapanda mlima mapaa mekundu, na vichochoro vyake vina miinuko mpaka unahema. Juu kuna ngome, Fort George, ndo humo Maurice Bishop aliyekuwa waziri mkuu alipigwa risasi na wenzake tarehe 19 Oktoba 1983, siku sita baadaye wanajeshi wa Marekani wakaingia kisiwani. Leo uwanja wa ndege una jina lake. Nlisimama pale uani kwenye ngome na kamera shingoni sikuinyanyua. Sisi wa visiwani kuna mambo tunayajua bila kuambiwa, mtu unapita kimya.

Sasa basi. Nlipanda basi namba 5 kwenda Gouyave, kule pwani ya magharibi, na wallahi nlicheka peke yangu. Daladala tupu! Hiace imejazwa, konda mlangoni anabana watu, muziki mpaka kifua kinatetemeka, wanaendesha kushoto kama kwetu, na ukitaka kushuka unagonga bodi. Nikagonga kama mwenyeji. Gouyave ni mji wa wavuvi, ndo kwao Kirani James, yule kijana aliyechukua dhahabu ya mita 400 London 2012, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yao. Ila kilichonipeleka mimi ni jengo la kungumanga.

Grenada wanaiita kisiwa cha viungo, kungumanga imo mpaka kwenye bendera yao. Jengo lenyewe ni la mbao, la zamani, ghorofa juu ya ghorofa, mwanga unaingia kwa madirisha ya pembeni tu na vumbi linaelea ndani yake, yaani mpiga picha ukiingia unataka kulia. Kungumanga zimetandazwa kwenye matrei ya mbao kukauka wiki na wiki. Halafu zinavunjwa ganda, zinatiwa majini, inayozama ndo nzito yenye mafuta, inayoelea daraja la chini. Kina mama wamekaa kwenye mabenchi wanachambua kwa mkono.

Mimi nikaona mwanga, nikaona mikono, nikanyanyua kamera. Mama mmoja akanigeuzia mgongo. Hakusema kitu, kanigeuzia mgongo tu, na wenzake wakanyamaza.

Salamu! Sikutoa salamu. Mimi niliyelelewa Wete, niliyepigwa kofi na bibi kwa kupita barazani bila shikamoo, nimeingia kwa watu na lenzi mbele kama mtalii. Nikatoka nje nikakaa kidogo, aibu yangu tele. Nje wamemwaga maganda ya kungumanga njiani kama kokoto, ukikanyaga yanalia kacha kacha na harufu inapanda.

Nikarudi mikono mitupu. Nikawasalimia mmoja mmoja, nikawaambia kwetu ni kisiwa cha karafuu, usiku tunakaa na majamvi tunachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mama yangu mpaka leo ana mikarafuu. Nikawaonesha picha kwenye simu. Simu ikazunguka benchi zima. Yule mama aliyenigeuzia mgongo ndo alotaka kujua mkarafuu una urefu gani na nani anaukwea kuchuma, nikamwambia ni vijana, na kila msimu kuna anayeanguka. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuhusu kimbunga Ivan, Septemba 2004, jinsi kilivyong'oa mikungumanga karibu yote, na mti ule si mahindi, unapanda leo unangoja miaka. Kabla ya hapo Grenada ilikuwa ya pili duniani nyuma ya Indonesia. Wengine hawakupanda tena, akasema, umri ulishapita.

Mwisho akaniambia mwenyewe, haya, piga. Nlipiga tisa tu. Kuna moja ya mkono wake na basibasi, ile nyama nyekundu inayovaa kungumanga kama wavu, nadhani ndo picha yangu bora ya mwaka huu, na maharusi wanisamehe.

Chakula nako kituko. Mlo wao wa taifa ni oil down: shelisheli, majani ya magimbi, manjano na tui la nazi, vinapikwa sufuria moja mpaka tui likauke libaki mafuta. Kawaida wanatia nguruwe wa chumvi, mwenye nyumba niliyopanga siku za mwisho akanipikia na samaki wa chumvi badala yake. Wapemba wenzangu, mkiambiwa shelisheli la nazi ni letu peke yetu, mkatae.

Usiku nikamtumia mama ile picha ya mkono kwa WhatsApp, kwao ilikuwa alfajiri. Nikamweleza yote, chama chao kinachonunua kungumanga za wakulima wote kama shirika la karafuu kwetu, Ivan, salamu, kila kitu, voisi ya dakika sita. Akanijibu kwa swali moja:

"Na kilo wananunua bei gani?"

Sikuuliza.

"Sasa umekwenda kufanya nini huko?"