Kwa nini nawapima watoto wenu kichwa

Kazi yangu ni cherehani, hapa Ngarenaro, Arusha, kwa hiyo futikamba haitoki shingoni kutwa nzima. Wateja wananishangaa: mtu kaja na kitambaa chake, mimi namshika mtoto wake wa mgongoni nampima kichwa. Haya, leo naeleza: ni ugonjwa wa kichwa kikubwa, maji kujaa kichwani.

Binti yangu alizaliwa na sentimita 35, kawaida kabisa. Miezi ya mwanzo kichwa cha mtoto huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, baadaye mwendo unapungua. Cha kwake kilikimbia. Mama mkwe akasema ni kichwa cha ukoo wao (na kweli vichwa wanavyo, nimewashonea kofia za harusi naijua shughuli yake). Lakini kichwa cha ukoo hakijazi utosi. Wake ulikuwa umetuna na kukaza hata nikimkalisha katulia, mishipa imejichora kichwani, macho yameelekea chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni.

Ubongo una maji yake, yanatengenezwa kila siku na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, kwa maambukizi mfano, yanajaa na kuubana. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, ndiyo maana kichwa kinapanuka. Fuvu la mtu mzima ni gauni lisiloachiwa nafasi ya kufumua: presha inapanda upesi, kichwa kinauma, anatapika, analegea, fahamu zinapotea. Ila msidanganyike, hata kwa mtoto kupanuka si kupona. Ubongo unaendelea kuumia, na macho yanaweza kupofuka.

Tukapewa rufaa hospitali ya KCMC, Moshi. Akawekewa mpira mwembamba kutoka kichwani, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unamwaga maji tumboni. Sasa yuko chekechea, mdomo hauna breki.

Watu wanadhani mpira ukishawekwa yameisha. Thubutu! Unaweza kuziba, unaweza kuingia vijidudu. Kwangu mtoto akitapika asubuhi siambiwi habari za chakula kumkataa mpaka niangalie kama analala kupita kawaida, kama analalamikia kichwa. Nikiona hivyo, cherehani nafunika, tunaondoka na kadi yake.

Nanyi wenye wachanga, kliniki mizani haikosi; kichwa ombeni kipimwe na kiandikwe kila mwezi.

Kuna bibi harusi gauni lake lilimaliziwa na fundi wa jirani kwa sababu ya safari hizo. Mpaka leo hanisalimii.