Kumkasirisha mkubwa si uchochezi

Watu wakizozana mtandaoni huku Kenya mmoja atasema "nina haki ya kusema nachotaka", mwingine atajibu "hayo ni matamshi ya chuki, utashikwa", na mara nyingi wote wawili hawajafungua Kifungu cha 33 cha Katiba hata siku moja, na si kirefu jamani.

Kinachoniuma zaidi ni huyo wa pili. Kifungu chenyewe kimetaja visivyolindwa: propaganda ya vita, kuchochea vurugu, matamshi ya chuki, na kueneza chuki inayochochea ukabila au kuchafua watu au kufanya wadhuriwe, au iliyojengwa juu ya ubaguzi. Basi. Hakuna mahali imeandikwa gavana asikasirishwe! Ukisema kazi imemshinda na aende nyumbani, hayo ni maoni na yamelindwa hata kama umeyasema kwa ukali.

Na korti zimeshaliona hili. Kulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, unaposti kitu kikimuudhi mtu unajikuta kizimbani, Mahakama Kuu ikakitupa 2016 kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana hadi mwananchi hawezi kujua kosa ni lipi. 2017 ikatupa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumfunga mtu kwa kuharibia mwingine jina, na mwaka huohuo kile cha 132 cha kudharau mamlaka ya afisa wa umma. Mimi naona hukumu hizi tatu zingefundishwa shuleni.

Lakini usiende kumwita jirani mwizi bila ushahidi eti 194 imekufa. Kifungu cha 33 kinakutaka uheshimu haki na jina la wengine, kwa hivyo bado anaweza kukushtaki kudai fidia, na ukishindwa utalipa.

Kwa chuki ya kikabila hapo siwezi kumtetea mtu. Baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa zaidi ya watu 1,000, na Sheria ya Uwiano na Utangamano ikapitishwa 2008 tukiwa bado na hayo machungu, faini hadi shilingi milioni moja au jela hadi miaka mitatu au vyote viwili. Mwenye kusema kabila fulani lifukuzwe mahali hatoi maoni, anatafutia watu kifo.

Admini akikutoa kwa grupu? Ni kweli Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema haki hizi zinabana watu wote si serikali peke yake, ila kwa maoni yangu na yeye ana haki ya kuchagua atakaa na nani, nenda ukaseme kwingine.

Na ukishikwa kwa sababu ya posti, uliza kwa upole unashtakiwa kwa kifungu gani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja kwa lugha unayoelewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata zikiisha wakati korti imefungwa.